Injini Iliyopaswa Kuanguka

Tulimzika Mwalimu Opio nyumbani kwao upande wa Tororo, na binti yake aliponiomba niseme maneno machache, nilisema machache kweli. Nilisema tulikuwa majirani Malaba wakati wa ujana, kwamba ndiye aliyenifundisha kuchora, na kwamba bila yeye nisingefanya kazi niliyoifanya miaka yote ile katika karakana za ndege Nairobi. Watu walipiga makofi kwa adabu, mchungaji akanishukuru, nikarudi kukaa. Tangu siku hiyo sijatulia. Nafagia sebule ambayo imeshafagiliwa. Nachemsha chai, naisahau, naichemsha tena. Mwanangu ananiuliza kama presha imepanda, nami namwambia ni uchovu wa safari. Si uchovu. Ni mwaka mmoja, wa sabini na saba, ambao nimewasimulia watu wengi, na kila mara nimeuruka mahali pale pale. Safari hii nitajaribu nisiruke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Habari za wazazi wangu na za nyumbani kwetu Bumala naziacha, maana hazikuhusika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri za hesabu ambazo hakuna aliyezihitaji, nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, ofisi ya chumba kimoja yenye dirisha lililotazama foleni ya malori. Nilikodi chumba nyuma ya hoteli ya Mama Amoit. Vyumba vilikuwa vitano, vya udongo uliopakwa saruji, vikitazamana na ua mdogo wenye mfereji wa maji na kamba za nguo. Ukuta wa upande wa kitanda changu ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa hoteli, kwa hiyo kila asubuhi niliamshwa na mazungumzo ya madereva wakinywa chai kwa mandazi: nani amevuka, nani amerudishwa, mpaka umefungwa tena, mpaka utafunguliwa Jumatatu, wanajeshi wa ng'ambo wameng'oa magurudumu ya lori zima na kuliacha juu ya mawe. Mwaka ule kahawa ya magendo ilikuwa inavuka kwa baiskeli, kwa punda na vichwani mwa watu, na vijana niliosoma nao wakitembea miguu mitupu sasa walivaa saa za mkononi na viatu vya soli ndefu. Kila mtu alikuwa njiani kwenda mahali. Mimi nilipiga taipu orodha za mizigo ya watu wengine, na jioni nilitembea kutoka hotelini hadi karibu na daraja, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena, mpaka tanboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Uji nilikunywa nikiwa nimesimama. Chini ya godoro nilikuwa na rundo la nakala za barua za maombi ya kazi, na kila nilipogeuka kitandani zilinong'ona.

Opio alikuja mwezi wa tatu, mchana wa jua kali, akiwa na shati moja la mwilini na kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama Amoit, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alimpa chumba cha tano, kile kilichokuwa stoo ya makaa.

"Huyo ni mwalimu," aliniambia wakati akinipimia maharage. "Ametoka kule. Usimwulize maswali."

"Maswali gani, mama?"

"Hayo unayofikiria sasa hivi."

Sikumwuliza, lakini alinieleza mwenyewe baadaye, kipande kipande, kwa Kiswahili chake cha Uganda kilichokwenda polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisomea uhandisi wa ndege ng'ambo ya bahari, akarudi kwao akafanya kazi ya ndege miaka miwili. Wanajeshi walipoanza kuwatafuta watu waliosoma nje, mama yake alitoa vyeti vyake vyote sandukuni akavitia motoni chini ya sufuria, kimoja kimoja, ili wakija wasikute kitu. "Aliniokoa," Opio alisema. "Sasa niko hai, lakini mhandisi alikufa." Shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wenyeji karibu na barabara kuu, ilimchukua kufundisha fizikia kama mwalimu asiye na mafunzo. Kila alipomwambia mtu kazi yake ya zamani, yule mtu alimtazama mikono, kuona kama ameshika karatasi.

Jumapili moja alasiri nilikuwa naanika nguo, kitu cheupe kikapita juu ya kichwa changu, kikakata kona kwenye mfereji na kutua juu ya magunia ya makaa bila sauti. Nilikiokota. Ilikuwa ndege ndogo isiyo na injini, ya ile aina inayoelea tu, mwili wake umechongwa kwa shina kavu la ua la mkonge, mabawa yake yamefunikwa kwa gazeti. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilihofia kuishika.

"Samahani, dada," Opio alisema kutoka mlangoni kwake. "Haina adabu."

Mkononi alikuwa na donge la udongo wa mfinyanzi. Nilimwuliza la nini.

"Hii ni badala ya injini. Tazama." Akalibandika mkiani, akairusha tena. Safari hii ndege iliinua pua, ikasimama hewani kana kwamba imesahau inakokwenda, kisha ikaanguka kwa mkia kando ya sufuria ya Mama Amoit. "Bila injini inaelea. Na injini inakuwa jiwe. Lakini bila injini haiwezi kupanda juu."

"Basi injini itoke," nilisema. "Ikishamaliza kazi yake, itoke."

"Itokeje?" akauliza, si kwa kunidharau. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Swali hilo lilikula mwaka wangu wote.

Siku hiyo hiyo alifungua lile kopo la biskuti. Ndani, zimeviringishwa kwenye soksi, kulikuwa na injini tatu za roketi za mfano, kila moja nene na ndefu kama tochi ya betri tatu, zimejaa baruti iliyokandamizwa. Alizinunua wakati wa masomo, na alipokimbia aliacha viatu akazibeba hizo. Nakumbuka nilivyosogeza kiti nyuma. Akacheka, akanieleza. Ndege ingepanda wima kama mshale kwa nguvu ya injini, na kule juu, baruti kubwa ikishaisha, injini hungoja sekunde chache kisha hulipua baruti kidogo iliyoko kichwani mwake. Kwa roketi za kawaida mlipuko huo hutoa mwavuli wa kushukia. Sisi tulitaka mlipuko ugonge ukuta uliozibwa ndani ya ndege, ili nguvu yake iisukume injini nyuma, itoke mkiani pamoja na bomba linaloishikilia, ianguke peke yake ikivuta utepe wa kuipunguza mwendo, na ndege iliyobaki iwe nyepesi na ielee. Lile bomba la kushikilia injini tuliliita kikombe. Kikombe kilipaswa kushika barabara wakati wa kubebwa na wakati wa kupanda, kisha kiachie mara moja tu, wakati ule mmoja. Kishike, halafu kiachie. Nimefanya kazi na ndege kubwa maishani, na bado naamini sijapata kuona tatizo gumu kuliko hayo maneno mawili.

"Na ikianguka na moto wake juu ya nyumba ya nyasi?" niliuliza.

Opio alikuwa hajafikiria hilo. Alilitafakari akiwa amefumba macho. "Wewe ndiye utakayechora," alisema.

Nilichora nyuma ya fomu za forodha zilizoharibika. Alinifundisha kushika penseli wima, kuonyesha kitu kana kwamba kimekatwa katikati kwa kisu, kuandika vipimo bila kuvibana. Aliniambia mhandisi ni mtu anayechora kitu ili mtu asiyemjua akitengeneze bila kumwuliza. Kikombe cha kwanza tulikisokota kwa karatasi za mifuko ya saruji na gundi ya maseremala, kikaingia ndani ya mkia kwa kubana tu, na shida ikawa kujua kinabana kiasi gani. Hatukuweza kuteketeza injini kwa majaribio. Wazo la pampu lilikuwa langu. Fundi baiskeli wa pale stendi alitupa pampu kuukuu na valvu, tukaziba kikombe, tukapiga hewa ndani, mimi nikihesabu. Kikikaza sana kilifika pampu kumi na tano na karatasi ikapasuka. Kikilegea kilitoka kwa pampu tatu. Tulikuwa tukikisugua kwa msasa na kupiga tena, kwenye meza ya mwisho ya hoteli, mpaka kikawa kinatoka kwa pampu tisa na kugonga mlango kwa kishindo. Madereva walimwaga chai. Mama Amoit alisema kwa sauti yake ndogo kwamba kama hiyo ndiyo sayansi, tuihamishie chooni.

Tuliirusha mwezi wa tano, Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wakiwa wamefukuzwa hadi kwenye ua wa mbali. Betri ya lori tuliazimwa na dereva mmoja wa Mombasa. Opio aligusisha waya kwenye betri na ndege ikapotea. Sikuiona ikiondoka, niliona moshi tu ukiwa umesimama kama mti mahali ilipokuwa. Kisha nikaiona, ndogo, ikipunguza mwendo, na mlipuko mdogo ukasikika kule juu, puf, kama mtu aliyekohoa. Hakuna kilichotoka. Ndege ilirudi kwa mkia, ikipiga yowe la upepo, ikajikita ardhini na mabawa yakafunguka kama kitabu. Wanafunzi walishangilia, wakidhani ndivyo ilivyotakiwa.

"Ijumaa ilikuwa pampu ngapi?" Opio aliniuliza.

"Tisa."

"Na leo asubuhi?"

Asubuhi hiyo sikuwa nimepima. Usiku mzima mvua ilikuwa imenyesha, karatasi ikavuta unyevu, ikavimba. Opio aliazima beseni jikoni mwa shule akaokota vipande vyote, hata vijiti, na njiani kurudi alitembea mbele yangu.

Baada ya hapo maneno yalianza. Mtu wa ng'ambo, peke yake, chumba cha makaa, kitu chenye moto kinachopanda angani karibu na mpaka. Katika mwaka kama ule haikuhitaji mtu mbaya ili hadithi ijitengeneze. Nilisikia kupitia ukuta wangu, sauti ya dereva nisiyemjua: "Huyo mwalimu anatengeneza bomu. Si lazima awe na nia mbaya, lakini ni bomu." Askari walikuja siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wapole. Walikaa hotelini, wakaagiza ugali na matumbo, na mmoja wao akamwuliza Opio kazi yake.

"Mwalimu."

"Kabla ya ualimu?"

Opio aliitazama mikono yake mitupu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi, na nilijua jibu, na sikusema. Walimchukua na kopo lake. Alikaa kituoni siku mbili, mpaka mwalimu mkuu wa shule alipokwenda na michoro yangu kueleza kwamba ni kifaa cha masomo. Waliachilia mtu na kurudisha injini moja; nyingine ilibaki huko kwa uchunguzi na hatukuiona tena. Wakamwonya asirushe chochote tena karibu na mpaka. Alirudi ameinama kidogo. Kwa wiki kadhaa alifundisha, akala, akafunga mlango. Mimi sikujua kutulia. Nilipiga taipu kwa makosa, nikagombana na bosi wangu juu ya utepe wa wino, nikatembea hadi daraja na kurudi mara nne kwa jioni moja. Niliwaza kujiunga na rafiki yangu mmoja aliyekuwa akivusha kahawa. Alikuwa ameniambia nafasi ipo, kinachotakiwa ni miguu na mdomo uliofungwa, na vyote viwili nilikuwa navyo.

Jibu la kikombe lilinijia kwa tanboi. Alikuwa juu ya lori akifunga turubai, amekaa ametanua miguu, na kamba yake ilikuwa ya nailoni. Alipotaka kuikata hakutumia kisu. Aliwasha kiberiti akaishika juu ya moto, na kamba ikaachana hapo hapo, kimya, ncha zake zikajiviringa na kuwa ngumu kama kunde. Niliacha kazi mezani. Nilikimbia hadi shuleni nikamwita Opio kutoka darasani, jambo ambalo halifanywi.

"Tusikibane tena," nilimwambia. "Kikombe kiwe kimelegea kabisa, kiingie na kutoka kama mguu kwenye ndala. Halafu tukifunge kwa uzi wa wavuvi, wa nailoni, upite mbele ya kichwa cha injini. Mlipuko wenyewe ni moto. Moto utakata uzi, na nguvu itasukuma kikombe. Mvua inyeshe isinyeshe."

Alisimama pale kwenye ngazi za darasa na chaki mkononi. Nilimwona akiupitisha moto ule kichwani mwake, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Uzi upite wapi?" aliuliza. "Ukiwa karibu sana utakatwa na joto kabla ya wakati. Ukiwa mbali hautakatika." Hiyo ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Tuliagiza uzi Sio Port, unene wa aina nne. Tulikwangua vichwa vya kiberiti, tukavilipua ndani ya vikombe vya majaribio nyuma ya choo, tukapima, tukachora, tukatupa. Opio alianza kula kwenye meza yetu tena. Alitafuta kwa hesabu mahali pa tundu la uzi, mimi nikatafuta kwa kuunguza, na siku tulipofika mahali pamoja tofauti ilikuwa ndogo kuliko ukucha. Hii nataka niiseme wazi: wazo la uzi lilikuwa langu, na bila hesabu zake lingebaki kuwa kamba ya turubai.

Mwezi wa tisa dereva mmoja aliacha gazeti mezani. Opio alilisoma kwa sauti pale uani, nikifua. Karakana moja ya ndege Nairobi ilikuwa inatafuta vijana wa kufundishwa kazi ya kuchora, na mwombaji atume mfano wa kazi yake.

"Tutume kwa pamoja," alisema. "Wewe ni kijana, mimi ni mhandisi. Wachague mmoja, au watuchague wote."

Tulikubaliana hivyo. Alichukua mchoro wangu bora wa kikombe, akaandika majina yetu mawili kwa penseli kwenye kona ya chini, kwa zile herufi zake zilizosimama sawasawa, langu kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuyapitisha kwa wino na kupiga taipu barua. Nilifanya hivyo ofisini wakati wa chakula cha mchana, bosi akiwa hayupo. Niliweka karatasi kwenye taipureta, nikautazama mchoro. Nikawaza kwamba jina la mkimbizi litaleta maswali. Nikawaza kwamba askari wameshakuja mara moja. Nikawaza kwamba nikishafika huko nitamtaja, na itakuwa rahisi zaidi kumtaja nikiwa ndani. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake. Nilichukua kifutio nikalifuta jina lake, nikapuliza vumbi, nikapitisha wino kwenye langu. Ilichukua muda mfupi kuliko kupanga karatasi za kaboni za nakala. Kisha nikapiga taipu: Mchoro huu ni kazi yangu mwenyewe.

Kwa wiki tatu aliniuliza kila nilipotoka kazini, "Barua?" nami nikajibu bado. Ilipokuja ningeweza kuificha, lakini nilikuwa nimechoka kujificha, nikampa aisome. Ilikuwa inaniita Nairobi kwa usaili; aliisoma akiwa amesimama chini ya kamba za nguo.

"Wanasema mchoro wako," alisema. "Wako. Ulisahau kuandika?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutorokea. "Hapana," nilisema.

"Uliogopa?"

"Ndiyo. Na nilitaka kwenda."

Aliikunja barua, akanirudishia, akaingia chumbani kwake. Wiki nzima alikula baada yangu. Mama Amoit aliona, akaniwekea chakula bila kunitazama. Jumapili yake alibisha mlango wangu akiwa na nakala ya mchoro.

"Hapa umekosea," alisema. "Umepima tundu kutoka ukingo wa kikombe, badala ya kutoka kichwa cha injini. Wakikuuliza utajibu nini?"

Nilivuta mchoro karibu nikaanza kuhesabu upya.

"Kama jina ni lako peke yako, kosa nalo litakuwa lako peke yako. Keti."

Tulifanya kazi mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikupata nafasi ya kumwomba msamaha. Nilikuwa na alasiri nzima.

Injini ya mwisho tuliirusha wiki moja kabla ya mimi kwenda Nairobi. Tulichagua Budalang'i, maana ni mbali na mpaka wa nchi kavu, na kwa sababu mafuriko yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha nyasi zilizolowa maili kwa maili. Injini yenye moto ikianguka pale ingezimika yenyewe. Tulienda kwa lori la samaki na tukamalizia kwa miguu, matope yakitufika magotini, Opio akibeba betri begani, mimi nikibeba ndege ndani ya shuka. Hapakuwa na watu isipokuwa wachunga ng'ombe wawili waliotuuliza kama tunapima ardhi. Opio alisema ndiyo, kwenda juu.

Safari hii nilijilazimisha kutazama. Niliiona ikiondoka kwenye fimbo yake ya chuma, nikaiona ikipanda na kupungua, nikaona ikichelewa. Nilihesabu kwa midomo. Ule mlipuko ukasikika, na kitu cheusi kikatoka mkiani, utepe mwekundu ukafunguka nyuma yake. Ndege ilitikisika, ikashusha pua, ikapata upepo na kuanza kuzunguka. Ilizunguka juu yetu duara pana, bila haraka yoyote, gazeti la mabawa yake likiangazwa na jua kiasi kwamba nilidhani nasoma vichwa vya habari. Wachunga ng'ombe walivua kofia. Nilitaka kupiga kelele, na nilipogeuka kumshika Opio mkono, hakuwepo. Alikuwa ameshaondoka, anapita kwenye maji kuelekea ule utepe, na hata mara moja hakutazama juu. Nilimkuta amechuchumaa, amekigeuza kikombe kwenye mwanga, anatazama ndani. Nyuzi zilikuwa zimekatika pande zote mbili, ncha zake zimejiviringa.

"Umekatika mahali pale pale," alisema. Akakitazama tena. "Umeona? Pale pale."

Ilikuwa saa nzima ya kutembea hadi barabarani. Nilizungumza njia yote, juu ya unene wa uzi.

Nairobi walinichukua. Maswali waliyoniuliza yalikuwa juu ya tundu la uzi, na niliyajibu vizuri. Opio alirudi kwao mwaka wa sabini na tisa, serikali ya kule ilipoanguka, na mwaka uliofuata akaniandikia. Karakana ya ndege kwao ilikuwa inafufuliwa, wahandisi walikuwa wachache, na kwa kuwa vyeti vya wengi vilipotea katika vurugu, wangekubali barua ya mtu anayefanya kazi ya ndege akishuhudia kazi ya mwombaji. Aliniuliza kama naweza kuandika kwamba tulibuni kile kikombe pamoja. Hakutaja jambo lingine. Mwezi ule ndio nilikuwa nimethibitishwa kazini, na mchoro wangu wa kwanza ulikuwa ndani ya faili langu na ile sentensi yangu juu yake. Nilitembea na barua yake kwenye mkoba. Niliihamisha kutoka mkoba wa kazi kwenda mkoba wa kanisani na kuirudisha. Niliandika katika wiki ya kumi, kurasa mbili, nikaeleza yote, hesabu zake na majaribio yangu, nikatia sahihi na muhuri.

Alijibu upesi. "Barua yako imefika," aliandika, kwa zile herufi zilizosimama. "Ile nafasi ilijazwa mwezi uliopita, kwa hiyo nimerudi darasani, fizikia, kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini nimeisoma mara nyingi. Ndiyo karatasi pekee niliyonayo inayosema mimi ni mhandisi. Asante."

Alifundisha mpaka alipostaafu. Ndege hakuzigusa tena.